Nani Alikufungia Hii?

Fundi wa magari wa Dar es Salaam hutamtambua kwa ovaroli wala kwa oili ya kwenye kucha. Msubiri afungue boneti. Atashika kiuno, atanyamaza kidogo, atatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika, halafu atakuuliza: "Bosi wangu, nani alikufungia hii?"

Hajauliza gari inaumwa nini. Hilo litakuja baadaye, muda ukibaki. Kwanza isomwe kesi ya aliyetangulia. Na hiyo "hii" inaweza kuwa chochote: plagi, hozi ya maji, waya, kibanio cha betri. Kwa umri wangu huu sijakutana na fundi aliyeuliza nani alikufungia hii, kisha akasema huyo jamaa anajua kazi, mrudie. Wote waliowahi kuigusa gari yangu ni waharibifu, isipokuwa yule aliyeinama pale kwa wakati huo. Naye akishanawa mikono tu na kupokea hela yake, anajiunga na kundi.

Naendesha Toyota Carina Ti ya mwaka 1999, injini 5A, cc 1500, otomatiki. Mjapani simlaumu hata kidogo. Aliitengeneza ikatengenezeka, akaitumia kwa adabu, akaipakia melini ikiwa nzima. Carina alishaacha kuzitengeneza tangu 2001, akaleta Allion, akaendelea na maisha yake. Mwenye taabu ni mimi niliyebaki nayo huku gereji bubu.

Kwanza niondoe hili la dharau. Herufi za namba yangu zinaanza na A. Nchi hii gari haiulizwi ilizaliwa lini, inaulizwa namba gani: A, B, C, D, na sasa tumeshafika E. Kijana wa nyumba ya tatu ana IST namba E, na kila asubuhi ananipita amepandisha vioo kwa heshima zote za mwenye gari mpya. Gari mpya! IST ile imetoka kiwandani 2003. Imepishana na yangu miaka minne tu, ila yenyewe ilibaki Japani inakula lami wakati mwenzake anasaga mashimo ya Tabata. Namba inasema gari iliingia nchini lini, haisemi ina miaka mingapi duniani. Mweleze mtu hayo, uone kama ataacha kukuonea huruma.

Halafu kuna suala la teksi. Carina nyingi mjini hapa zilifanya kazi ya teksi, kwa hiyo machoni pa watu yangu nayo ni teksi iliyofutika mstari. Nikiegesha nje ya hospitali kumsubiri mama watoto, mlango wa nyuma unafunguliwa, anaingia mama mtu mzima na kikapu chake, anakaa, anashusha pumzi: "Baba, Buguruni elfu tatu, twende." Namwambia mama, shikamoo, hii ni gari binafsi, namba yake ya njano. Anajibu, "Marahaba. Haya, elfu nne." Mama watoto akatokea, akamsalimia abiria wangu vizuri tu, akakaa mbele, tukampeleka Buguruni. Ile elfu nne ililipwa, ila haikupita mikononi mwangu.

Sasa tuje kwenye thamostati, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka, injini isipochemka.

Thamostati ni kidude kidogo kinachoenea kiganjani. Kazi yake ni kuwa mlango kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka humo humo mpaka yapate moto, nyuzi 82 hivi, ndipo unafunguka yakapoe kwenye rejeta. Ndiyo maana geji ya joto kwenye dashibodi hupanda, ikafika karibu na katikati, ikatulia hapo siku nzima. Hapo katikati ndipo afya ilipo. Kwa mafundi niliojaliwa mimi, geji ikifika katikati gari inajiandaa kufa. "Hiki kidude ni cha nchi za baridi, bosi. Huku joto tunalo la kumwaga, cha kazi gani?" Anakitoa, anakirusha majanini. Feni anaiunga direkti, izunguke tangu unapowasha mpaka unapozima. Mwisho anajaza maji ya bomba, anapangusa mikono, anakwambia hapo umeshasahau habari ya kuchemsha.

Unaondoka geji imelala chini kabisa, na unamshukuru. Kumbe injini sasa haipati joto lake hata ufike Chalinze. Kompyuta ya gari inapima maji, inakuta ya baridi, inadhani ndiyo kwanza mmeamka, inaendelea kumimina petroli ya asubuhi kutwa nzima. Na yale maji ya bomba, kwa kuwa si koolanti, ile dawa ya rejeta, yanakaa humo ndani yanapika kutu.

Na petroli yenyewe si maji ya bomba. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na Jumanne jioni wenye hofu tunajipanga sheli kuwahi ya zamani, kila mtu na elfu kumi yake. Elfu kumi ni lita chache na matone. Mwaka 2017 serikali ilifuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita. Tulishangilia sana, hasa sisi tuliokuwa tunakwepa trafiki kwa sababu ya madeni ya nyuma. Ukikaa ukapiga hesabu, kadiri gari inavyokunywa ndivyo unavyolipa. Jirani mwenye Vitz analipa ada kwa vijiko. Mimi, pamoja na thamostati yangu iliyoko majanini, nadhani kuna kipande cha lami mahali fulani ningestahili kupewa nikianikie nguo.

Fundi wa pili alipoinama alikuwa mkali: "Nani alitoa thamostati?" Utadhani niliichomoa mimi kwa meno. Akanituma Kariakoo, Gerezani, nikanunue nyingine.

Gerezani ukiuliza spea moja unarudishiwa mtihani. "Unataka oji, Taiwan, au mtumba wa Dubai?" Nikasema oji, yaani orijino. "Oji ipi? Ipo oji ya elfu themanini na oji ya elfu ishirini na tano." Nikauliza tofauti yake. Muuzaji akaniangalia kwa upole: "Hii ni oji kabisa. Hii ni oji ya kawaida." Boksi zote mbili zimeandikwa vilevile, rangi ileile. Mtumba nao una mashabiki wake: wanakwambia spea iliyotoka kwenye gari ya Japani iliyokatwakatwa ni bora kuliko mpya ya kuigiza, na mara nyingi wana haki. Tatizo ni kwamba unakipeleka kifaa nyumbani huku ukijua gari kilikotoka limeshakufa, na hakuna anayekwambia lilikufa kwa nini.

Tairi ni hivyo hivyo. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini, mbili za wiki na mbili za mwaka. Nikauziwa "mpya kabisa" yenye nta inayong'aa, nikachungulia nikaona 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Nikamwonyesha muuzaji. Akasema hiyo ni saizi.

Lakini yote tisa, kumi ni mlio. Upande wa kushoto mbele, nikipita tuta, ko-ko-ko. Kila anayepanda gari yangu anautibu mlio huu kabla hajafunga mkanda. Shemeji alisema bushi za kontrolamu. Mzee wa kanisa, ambaye hata baiskeli hana, akasema bolijointi, na akanihimiza nisichelewe, maana tairi hulala lenyewe barabarani. Mwanangu wa darasa la nne akasema, "Baba, hiyo ni stebilaiza lin." Basi nikabadilisha bushi, ko-ko-ko. Nikabadilisha bolijointi, ko-ko-ko. Stebilaiza lin zikaja jozi, oji ya kawaida, ko-ko-ko, tena sasa kwa sauti safi zaidi kwa kuwa kila kitu kingine kimekaza. Fundi wa tatu akashauri tushushe injini tuangalie mauntingi, yale yanayoishikilia injini. Hapo mama watoto akasema injini ikishushwa, na mimi nishuke nayo.

Mlio ulikuja kumalizwa na kijana wa kuosha magari. Alikuwa anapitisha mpira wa maji chini ya boneti, akaingiza mkono, akatoka na spana namba 14. Ilikuwa imelala juu ya fremu, inacheza muziki wake kila tuta. Nikaizungusha kwa mafundi wote watatu. Hakuna aliyeikubali. Wa kwanza akasema yake ilikuwa na mpini mrefu. Wa pili akasema yeye ni mtu wa soketi. Wa tatu aliishika, akaigeuza, akauliza nauza shilingi ngapi.

Na kuna kitu kinaitwa kutesti. Ukiwasikia mafundi wanasema "ngoja tuitesti," shika ufunguo wako. Gari ikishafungwa, fundi anaingia na spana boi wake, yule msaidizi wa kushika spana, na mara nyingine rafiki wa spana boi, wanakwenda kusikiliza kama imekaa sawa. Unaachwa kwenye benchi na kikombe cha kahawa. Ukiuliza wako wapi, unaambiwa wanaisikiliza ikiwa kwenye kasi. Wanarudi jua likizama. Kiti kimesogezwa mbele, redio iko kwenye taarabu, taa ya petroli inawaka, na nyuma kuna unga wa ngano. "Iko vizuri, bosi. Ila inakula mafuta."

Basi mama watoto akatoa hukumu: iuzwe. Nikapiga picha nzuri, zile za ubavuni tu. Akapatikana mnunuzi, kijana mstaarabu anayetaka gari ya kujifunzia, akaja Jumamosi pamoja na fundi wake wa kuikagua. Fundi akafungua boneti, akashika kiuno, akanyamaza, akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye gasketi ya tapeti kava. "Bosi wangu, nani alikufungia hii?"

Nikamwambia, "Wewe."

Alikuwa yule wa kwanza, mwenyewe, wa thamostati, amefuga ndevu. Nami nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa miaka. Hakupepesa hata jicho. Aliinama tena, akapitisha kidole kwenye gasketi, akakinusa, akamgeukia mnunuzi: "Unaona haivuji? Hii kazi ya siku nyingi."

Kijana akafurahi kwamba fundi wake anaifahamu gari, akataja milioni mbili na laki mbili. Nikaanza kumhesabia: thamostati mpya, bushi, bolijointi, stebilaiza lin jozi, na spana ya bure. Mama watoto alikuwa mlangoni ananikonyeza nikubali. Nikasema milioni tatu, mazungumzo yapo. Kijana akasema hana shida, ila kwanza waitesti.

Waliondoka saa nne asubuhi. Saa saba nikampigia fundi, simu ikaita hadi ikakatika. Saa tisa akapokea, nyuma nasikia honi na mtu anauza korosho.

"Tuko Kimara, bosi wangu. Gari nzuri, inavuta. Ila tulishtuka, geji ilikuwa imepanda mpaka katikati kabisa. Wala usiwe na wasiwasi, thamostati nimeshaitoa. Ya ufundi utanitumia elfu kumi na tano tu."