Wakiswichi Kila Skrini: Tumtafute Mfupi, au Tuwahi Kabla Hawajapokezana?

Keti kando ya uwanja wowote wa simiti kati ya Nakuru na Kisumu timu mbili zinapocheza kikapu, na neno utakalolisikia zaidi kutoka kwa wanaozuia ni "Swichi!" Skrini inawekwa, yaani mshambuliaji anasimama imara kuziba njia ya anayemzuia mwenzake, mzuiaji wa mwenye mpira na mzuiaji wa mweka skrini wanabadilishana watu, na mchezo unaendelea kana kwamba skrini haikuwekwa. Sababu zinaeleweka. Timu nyingi za ukanda huu zina wachezaji wanne wa kimo kinachokaribiana na mrefu mmoja tu. Kuswichi hakudai miezi ya mazoezi, na hakumchoshi gadi (mchezaji mwepesi anayeongoza mpira) anayelazimika kuikwepa skrini kila mara.

Kwa anayeshambulia kuna majibu mawili yanayovutana. Wapo wanaosema subiri wabadilishane, kisha utafute palipozaliwa pengo: senta wako, yule mrefu wa chini ya kikapu, amebaki na gadi mfupi, au gadi wako mwepesi amebaki na senta mzito. Wapo wanaosema usingoje wamalize, piga wakati ule ule wanapopokezana watu. Kwa timu zetu, jibu la pili lina nguvu zaidi. Hata hivyo la kwanza lina faida moja ambayo hata wanaolitetea huisahau.

Tuanze na hilo la kwanza. Uzuri wake ni kwamba kila mtu analielewa. Timu ya shule inayofanya mazoezi kwa saa moja tu jioni baada ya masomo haina nafasi ya kujifunza mipango kumi ya kushambulia, lakini kila mchezaji anaona kwa macho kwamba mrefu wetu amesimama na mfupi wao. Mpira ukimfikia karibu na kikapu, ama atafunga ama atachezewa faulo. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, timu ikishafanya faulo nne katika robo moja, kila faulo ya kuzuia inayofuata huleta mitupo miwili huru, na mchezaji mwenye faulo tano zake binafsi anatoka. Gadi wao bora akilazimika kumzuia senta mara sita au saba kabla ya mapumziko, atacheza nusu ya pili kwa woga.

Tatizo ni kuufikisha mpira. Video nyingi ambazo makocha wetu hujifunzia zinatoka NBA, ligi ya Marekani, na kule kuna sheria ya sekunde tatu kwa wanaozuia: mzuiaji hawezi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo lililochorwa mbele ya kikapu bila kuwa karibu na mtu anayemzuia. FIBA haina sheria hiyo. Kwa hiyo gadi mfupi aliyebaki na senta wako Kakamega au Njoro hayuko peke yake. Anasimama mbele ya senta kuifunga pasi, na nyuma mzuiaji wa tatu anaegesha katikati ya eneo hilo, halali kabisa, akingoja pasi ya juu. Mchezaji wako anayetoa pasi kutoka juu ya upinde wa pointi tatu anaona pengo la kimo, anarusha, mpira unachukuliwa, na ndani ya sekunde nne kikapu kimefungwa upande wako. Yule mfupi aligeuka kuwa chambo.

Ukitaka kweli kumlisha senta, badili mahali pasi inapotoka. Kosa la kwanza hutokea kwenye skrini yenyewe: senta akishaona wameswichi hutembea kuelekea chini huku ameinua mkono. Anatakiwa ageuke papo hapo kwa mguu wa nyuma, ambandike yule mfupi mgongoni, na ashuke naye hadi awe ndani ya mita mbili za kikapu. Akipokea mpira mita nne kutoka kwenye ringi, kimo chake hakina kazi. Kisha mchezaji wa nne (fowadi anayecheza karibu na senta) apande kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, upande ule ule. Mfupi akisimama mbele ya senta, mpira uende kwanza kwa huyu wa nne, ndipo upitishwe juu kuingia. Kutoka hapo pasi ni fupi, na mzuiaji wa huyo wa nne hawezi kumwacha na kwenda kusaidia bila kumpa mtupo wa karibu. Kwa wanaocheza nje Kisumu, tahadhari moja: upepo wa alasiri kutoka ziwani huyumbisha pasi ya juu hata ikiwa ya mita tatu. Rusha kwa nguvu na kwa mwinuko mdogo, usiiache ielee.

Na ile faida iliyosahaulika? Ribaundi. Hata senta asipopewa mpira, yule gadi mfupi bado ndiye anayepaswa kumzuia asiufikie mpira unaodunda kutoka kwenye ringi, na hawezi. Timu inayolia kwamba "tulimtafuta mfupi hatukufaidika" mara nyingi ilimwita senta wake arudi juu kuweka skrini nyingine, ikatupa bila mtu mrefu chini. Akishabandika, mwache hapo hapo mpira ukizunguka upande wa pili. Mtupo ukigonga ringi ukakosa na mkaupata mpira, sekunde 14 mpya za kushambulia zinaanza, na mfupi amechoka zaidi.

Upande mwingine wa kutafuta pengo ni gadi mwepesi mbele ya senta mzito, moja kwa moja. Wanaoipenda njia hii hukumbusha Februari 2021 mjini Yaoundé, Tylor Ongwae wa Kenya alipoiangusha Angola kwa mtupo wa sekunde ya mwisho, 74-73, na Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Ni kumbukumbu tamu. Lakini mtupo wa mwisho ni hali ya pekee, na haifai kuwa mpango wa dakika 40. Mfano unaofaa kupimwa ni wa Houston Rockets wa NBA, 2018. Walikuwa timu ya kuswichi na ya kumwachia mtu mmoja ashambulie, na walifika mchezo wa saba, wa mwisho wa mfululizo wao, dhidi ya Golden State Warriors, timu iliyozoea kuswichi pia. Usiku huo walikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo, wakaishia 7 kati ya 44, wakapoteza 101-92. Haki isemwe: gadi wao Chris Paul alikuwa majeruhi, na baadhi ya mitupo ile ilikuwa wazi kabisa. Lakini ukimwachia mtu mmoja adunde huku wanne wakitazama, mwisho wa shambulio huwa ni mtupo wa mbali, na siku isiyo yake huna pa kukimbilia. Kwenye simiti yenye vumbi, ambako kiatu hakishiki unapokata ghafla, hata ule wepesi wa gadi hupungua. Senta wao hulazimika tu kurudi nyuma hatua moja na kuinua mikono.

Sasa jibu la pili. Linategemea jambo ambalo halibadiliki hata wazuiaji wawe hodari namna gani. Wanapopokezana, mzuiaji wa mwenye mpira ndiye anayepaswa kumchukua mweka skrini. Lakini wakati huo yuko upande wa juu, mbali na kikapu. Mweka skrini yuko ndani yake, njia ya kwenda kwenye ringi iko wazi, na wazuiaji wote wawili macho yako kwenye mpira. Hali hiyo hudumu kama sekunde moja.

Kuponyoka kwenye skrini ndiko kunakoila sekunde hiyo. Senta anakuja kwa kasi kama anayeweka skrini ya kweli, mita moja hivi nje ya upinde ili nyuma yake kuwe na nafasi. Kabla hajagusana na mtu, anamsoma mzuiaji wake. Mzuiaji huyo akiwa amepanda usawa wa skrini au kuipita, vidole vya miguu vikielekea kwa mwenye mpira, mkono umenyooshwa, tayari ameamua kuswichi. Senta anakanyaga mguu wa nje na kukata moja kwa moja kwenda kwenye ringi, mkono wa mbele ukionyesha anakotaka mpira. Mzuiaji akiwa bado nyuma, karibu na kikapu kuliko senta, hakuna pa kuponyokea: simama, weka skrini ya kweli. Na kwa kuwa anayeponyoka hagusani na mtu, lile faulo la skrini inayotembea, ambalo waamuzi wetu hulipuliza sana na kwa haki, halipo.

Mara nyingi mchezo huu huharibiwa na mwenye mpira. Anasimama kungoja skrini, akimtazama senta. Mzuiaji wake hana cha kuhofia, anashuka na senta. Mwenye mpira lazima adunde mara mbili kwa nguvu akilenga bega la mzuiaji mrefu anayekuja, ili huyo amalize kuja. Pasi itoke kutoka kwenye dribo ile ile, kwa mkono wa nje, ikidunda chini kati ya wazuiaji wawili. Ukisimama kwanza na kushika mpira kwa mikono miwili, sekunde imekwisha.

Kosa la pili ni la mpangilio. Kama kuna mchezaji wako kwenye kona ya upande wa skrini, mzuiaji wake yuko hatua mbili tu kutoka njia ya senta. Mwondoe. Mpira uwe winga ya kulia, kona ya kulia iwe tupu, watatu wengine wawe katikati na kushoto. Msaada sasa lazima utoke kona ya kushoto na kuvuka eneo lote, ambalo lina upana wa mita 4.9. Lakini hapa tunarudi kwenye ile tofauti ya FIBA: yule msaidizi anaweza kuwa ameegesha katikati tangu mwanzo. Dawa yake ni kumsumbua kabla. Senta anapoanza kukimbia kuja juu, wachezaji wa kona na winga ya kushoto wabadilishane nafasi, mmoja akipita karibu na mwenzake kana kwamba anamwekea skrini. Wazuiaji wao wawili watalazimika kugeuza vichwa na kuitana. Jambo hili dogo huamua zaidi ya pasi yenyewe, na ndilo linaloachwa kwanza timu inapochoka. Wachezaji hao pia wasimame mita 6.75 za kweli kutoka kwenye ringi, ulipo upinde wa sasa. Viwanja vilivyochorwa kabla ya 2010 na havijachorwa upya vina upinde wa mita 6.25, na anayesimama kwenye mstari huo anamsogeza msaidizi nusu mita karibu na senta.

Kwa magadi wawili kuna skrini hewa. Mmoja anakimbia kumwendea mwenye mpira kama wa kuweka skrini, hasimami, anapita na kutokea kwenye upinde upande wa pili. Wazuiaji wakiitana "swichi" bila kitu cha kuswichi, mara nyingi wote wawili hubaki na mpira. Inadai anayepita awe mtupaji wa kuogopwa, la sivyo watamwacha apite. Na haivumilii kurudiwa: ukiitumia mara tatu mfululizo, wazuiaji wanatulia na kubaki na watu wao. Changanya, skrini mbili za kweli kwa moja hewa.

Njia ya tatu, kurudia skrini upande wa pili mara tu wakishaswichi, inafaa kwa timu yenye gadi mtulivu. Sasa mfupi ndiye anayepaswa kutoka na kumzuia mwenye mpira, na mrefu ndiye wa kushuka, nao wamechoka kuitana. Bei yake ni muda. Ukitumia sekunde zote nane kuvuka nusu ya uwanja, zimebaki 16 kati ya 24 za shambulio. Skrini mbili na pasi mbili zinaimaliza saa. Vuka mapema, na pale ambapo saa ya sekunde 24 haionekani, mtu wa benchi ahesabu kwa sauti.

Wanaopinga njia hizi husema zinaleta pasi nyingi zilizopotea, na mwanzoni ni kweli. Pasi ya kuponyoka ikikosewa kidogo hutoka nje au huishia mkononi mwa msaidizi, wakati mpira kwa senta aliyesimama ni salama zaidi kama pembe ni nzuri. Timu yenye wiki mbili tu kabla ya mashindano, na yenye senta anayemalizia vizuri, isijilaumu ikichagua kumlisha. Yenye muhula mzima haina kisingizio.

Dakika 12 katika kila siku ya mazoezi zinatosha kuanzia. Watatu kwa watatu, nusu uwanja, wazuiaji wakilazimika kuswichi kila skrini. Kikapu cha kuponyoka kihesabiwe pointi 3, kikapu kingine 2, ribaundi ya ushambuliaji 1, na pasi iliyopotea iondoe 1. Dakika tatu za mwisho, wazuiaji wachague wenyewe kwa siri kuswichi au kutoswichi. Hapo utaona nani anasoma miguu ya mzuiaji na nani anaponyoka kwa mazoea tu.

Timu iliyochomwa mara mbili kwa kuponyoka kwa kawaida humrudisha senta wake nyuma, karibu na kikapu. Mkiona visigino vyake viko ndani ya mstari wa mitupo huru, weka skrini ya kweli, senta asimame imara, na gadi atokee juu ya skrini akiwa tayari kutupa. Mzuiaji wake atakuwa amebaki nyuma ya skrini.