Msiba wa Baba Mdogo, Naye Yu Hai

Kazi ya kundi ilikuwa filamu fupi ya dakika kumi, na makundi ya chuo mnayajua. Mmoja mwongozaji, mmoja kameramani kwa sababu simu yake ndiyo yenye kamera ya maana, wengine waigizaji, na mmoja ambaye kazi yake hatukuielewa ila jina lake limo. Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Mtu wa sauti hushika maiki iliyofungwa kwa selotepu kwenye mpini wa fagio, akavaa hedifoni, akanyamaza. Hakuna anayempongeza.

Mwongozaji wetu alishajiona yuko ZIFF, pale Ngome Kongwe, Unguja, kwenye tamasha linaloonyesha filamu tangu 1998. Hadithi yake yenyewe haikuwa mbaya: kijana anatoka safari, anashuka bajaji, anakuta turubai limefungwa kwao na hajui nani kafa. Mama yake mdogo anakaa Tandika, ana uwanja mpana, na mumewe alikuwa Kibiti kwenye mikorosho yake wiki nzima. Tukakodi turubai na viti vya plastiki, tukaazima mikeka, wasichana wa darasa wakajifunga kanga. Yule asiye na kazi tukamweka mezani na daftari la rambirambi, ili picha ipendeze. Mjumbe wa mtaa tulimpelekea taarifa asubuhi. Taarifa ikaishia kwake.

Kurekodi sauti Tandika ni adhabu. Ukisema "aksheni", inapita baiskeli yenye spika: dawa ya kunguni, dawa ya panya, dawa ya mende. Unasubiri ikate kona. Ukisema tena, muuza kahawa huyo na vikombe vyake, kwachakwacha. Na mwigizaji wetu mkuu, Mungu amsamehe, kila akishuka bajaji anasimama kwanza asubiri chenji. Kisha anauliza, "Jamani, nani kafa?" kama anayeuliza bei ya nyanya.

Tukarudia, tukarudia. Mwongozaji akaamuru simu zote zizimwe, hata ya Mama Mdogo.

Mimi ndiye niliyeshtuka wa kwanza. Vilio vya wanafunzi huanza kwa "aksheni" na kukoma kwa "kata". Mwongozaji kasema kata, wasichana wamenyamaza, wanapangusa jasho, lakini kwenye hedifoni kilio kinaendelea, tena kimenona. Nikageuza fagio. Kwenye mkeka wa nyuma wamekaa akina mama nisiowajua, mmoja kashikilia kiroba cha mchele, mwingine anagaragara: "Juzi tu kanisalimia hapa, jamani! Juzi tu!" Huyo anayeliliwa ana wiki nzima yuko Kibiti. Upande wa wanaume, wazee wamekwishajaza viti, muuza kahawa kaweka kituo, na maiki ikaninasia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Sasa ile elfu thelathini yangu nitamdai nani?"

Nikamkonyeza mwongozaji. Akatazama umati, macho yakamng'aa. Watu wote wale, bila kulipwa hata nauli! "Usizime," akamwambia kameramani.

Tusichokijua ni kwamba Baba Mdogo alikuwa njiani anarudi. Akiwa Mbagala akapigiwa na jirani: "Pole sana na msiba, nani katutoka hapo kwako?" Akampigia mkewe, simu imezimwa. Akampigia tena, imezimwa. Akakodi bajaji.

Ilipoingia uwanjani, dereva hata hajasimama vizuri, mzee kesharuka. Kandambili moja ikabaki ndani ya bajaji. Akatazama turubai, akatazama mikeka, mdomo ukamcheza, akatoa sauti ambayo sijawahi kuinasa tena: "Jamani… nani kafa?"

Kimya. Halafu yule mama wa "juzi kanisalimia" akainua uso, akamwona. Aliondoka na mkeka. Sisemi aliuacha mkeka, aliondoka nao. Viti vikapinduka, wazee wanasukumana kwenye geti moja, huku dereva wa bajaji anapaza sauti nyuma, "Mzee, hela yangu!"

Kila kitu kikaingia kwenye kamera. Mwalimu wetu alipoitazama filamu alikuwa na swali moja tu: yule mzee tulimtoa wapi, na kwa nini tulimpa sini moja?

Jioni, baada ya maelezo marefu na maji ya kunywa, ndipo yule mwenzetu asiye na kazi alipokuja na daftari. Alikuwa amepokea. Watu walimletea hela, naye akaandika majina yao kwa mwandiko safi kabisa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asipokee.

Mama Mdogo akasema zirudishwe zote, usiku huohuo. Baba Mdogo akavaa miwani.

"Hizi zimechangwa kwa ajili ya nani?"

Hatukujibu.

"Kwa ajili yangu. Basi nisomee kwanza."

Akasomewa. Muuza mkaa, elfu mbili. Akatikisa kichwa kwa heshima. Mwenye genge, elfu tano. Akasema kumbe mtu yule ana utu. Fundi cherehani, mia tano.

"Rudia."

"Fundi cherehani, mia tano."

"Mia tano? Mimi? Kahawa yake kila Ijumaa nalipa mimi!" Akavua miwani, akaichukua ile sarafu mezani, akaitazama pande zote mbili. "Hii naipeleka mwenyewe."

Akatoka na kandambili yake moja. Kameramani akanitazama, nikachukua fagio langu, tukamfuata.