Mipigo ya kilovolti kwa zabibu za Dodoma: swichi ya gesi au semikondakta?

Zabibu zilizopondwa zikipita kati ya bamba mbili za chuma na kupigwa mipigo ya umeme ya maikrosekunde chache, utando wa seli za maganda hutoboka, na rangi hutoka bila kuchemsha tunda. Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo, OIV, liliidhinisha njia hii mwaka 2020. Mkoa wenye mashamba ya Hombolo na Mpunguzi una kila sababu ya kujijengea mtambo wake. Ugumu uko kwenye swichi inayoachilia mipigo hiyo.

Uga wa umeme wa kilovolti 2 kwa sentimita, katika nafasi ya sentimita 5, unadai kilovolti 10. Wanaotetea swichi za gesi wana hoja nzito. Pengo la cheche, yaani elektrodi mbili zilizotenganishwa na gesi, likizidiwa volti huwaka, kisha hurudi hali yake. Transista, yaani swichi ya semikondakta, ikizidiwa kwa kitambo kidogo tu, imekufa. Tena ukizipanga transista mfululizo, ile inayochelewa kuwaka au kuwahi kuzima hubeba volti za wenzake. Ikifa, nyingine huifuata. Resista husawazisha volti zikiwa zimetulia, lakini wakati wa kuwasha na kuzima zinahitajika pia kapasita ndogo, na ishara za geti, yaani mguu unaoamuru transista iwake au izime, zifike kwa tofauti ya nanosekunde tu.

Kwa kujaribu transfoma dhidi ya radi, yaani mipigo michache ya mamia ya kilovolti, nakubali: pengo la cheche linatosha kabisa. Kiwandani ni mamia ya mipigo kila sekunde, mchana kutwa. Elektrodi huliwa na muda wa kuwaka huyumba. Thairatroni, bomba lenye haidrojeni, huhimili kasi hiyo, ila lazima ipashwe joto dakika kadhaa, na umeme ukikatika unaanza upya. Kubwa zaidi, haiwezi kukata mkondo ulioanza. Cheche ikizuka ndani ya rojo la zabibu, kapasita yote inayohifadhi umeme wa mpigo humwagika hapo, wakati IGBT, transista ya nguvu kubwa, ingezimwa ndani ya maikrosekunde chache.

Kuna na mwinuko, ambao wabunifu wengi huusahau. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya kumi, hivyo pengo la wazi lililopimwa Dar es Salaam litawaka mapema hapa. Semikondakta nayo haisalimiki: nyutroni zitokanazo na mionzi ya anga, zinazoweza kuua transista iliyozuia volti nyingi, huzidi maradufu ya zile za pwani. Ndiyo maana transista ya volti 1,700 nisingeipa zaidi ya 1,000.

Nachagua semikondakta, kwa mpangilio wa Marx: kapasita huchajiwa sambamba, kisha hutolewa mfululizo, na kila transista huona volti za kapasita yake tu. Vitengo 12 vya volti 830 hivi vinatimiza kilovolti 10. Kimoja kikigoma kuwaka, mkondo hupita kwenye diodi yake na kazi huendelea kwa volti pungufu kidogo.

Gharama iko kwenye mageti 12, kila moja likihitaji ishara na umeme wake uliotengwa kuhimili kilovolti 10 nzima. Mwanafunzi wa uhandisi pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anayetaka kujaribu aanzie hapo: apitishe ishara kwa nyuzi za mwanga, aupime utengano huo kwa volti kamili, ndipo anunue transista.