Goti jipya, maumivu yaleyale: mgonjwa aambiwe mapema?

Daktari bingwa wa mifupa akishamwambia mgonjwa kwamba goti limesagika na linahitaji kubadilishwa, wengi husikia neno moja tu: maumivu yanakwisha. Na kwa wengi hukwisha kweli. Lakini mapitio ya tafiti yaliyotoka Uingereza mwaka 2012 yalionyesha kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5 alibaki na maumivu ya kusumbua muda mrefu baada ya kuwekewa goti bandia. Kidonda kimefunga, picha haina kasoro, na bado mtu anashuka ngazi kiubavuubavu, mkono ukutani.

Je, mtu huyo anaweza kutambuliwa kabla ya kisu? Dalili zinazojirudia katika tafiti zinajulikana: maumivu makali kabla ya upasuaji, maumivu ya sehemu nyingine kama mgongo, wasiwasi, sonona, na hali ya kuyaona maumivu kama balaa lisilo na mwisho. Ipo nyingine inayoshangaza: mwenye eksirei mbaya, mfupa juu ya mfupa, mara nyingi hunufaika kuliko ambaye picha yake inaonyesha uharibifu kidogo. Ukiitazama vizuri ina mantiki. Ikiwa mishipa ya fahamu nayo imeshazoea kupiga yowe, goti jipya peke yake haliwezi kuinyamazisha.

Wanaotaka wagonjwa wapimwe hatari hii wana hoja nzito. Mfupa ukishakatwa umekatwa. Familia inayochangishana ili mama afanyiwe upasuaji ina haki ya kujua inanunua nini.

Shida iko kwenye hesabu. Tuseme kipimo kinawanasa 14 kati ya watu 20 watakaobaki na maumivu katika kila wagonjwa 100. Si haba. Lakini tuseme pia kinawanyooshea kidole kimakosa 24 kati ya wale 80 ambao wangepona. Sasa una watu 38 wenye alama nyekundu, na zaidi ya nusu yao wangetembea vizuri tu. Nani atawarudisha nyumbani na dawa zao za maumivu?

Tena hata kusema upasuaji “umeshindwa” kuna utata. Aliyeingia na maumivu makali sana ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kubaki nayo kiasi, lakini pia ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupata nafuu. Aliyetoka 9 kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10 akashuka hadi 4 anahesabiwa miongoni mwa wenye maumivu. Yeye mwenyewe usiku analala.

Halafu kujua si kutibu. Huko Marekani, wagonjwa 402 waliokuwa wakisubiri goti bandia na wenye hofu kubwa ya maumivu waligawanywa makundi, kundi moja likafundishwa mbinu za kukabiliana na maumivu. Matokeo ya mwaka 2019: waliofundishwa hawakupata nafuu kuwapita waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo simwamini anayetaka kutumia alama hizi kumfungia mtu mlango. Zitumike kwenye mazungumzo kabla mgonjwa hajatia sahihi ya kukubali upasuaji, basi. Fedha na nguvu ningezipeleka baada ya upasuaji. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 haukubahatisha. Uliwatafuta waliokuwa bado na maumivu miezi 3 baadaye, ukawapima upya, ukawaelekeza kwenye tiba inayomfaa kila mmoja na kuwafuatilia kwa simu. Nafuu ilikuwa ya wastani, lakini ilikuwepo. Kliniki zetu nyingi, kufikia mwezi huo wa tatu, zinatazama kovu na mkunjo wa goti, kisha zinaita mgonjwa anayefuata.