Dayalisisi ya tumbo: tuwafundishe wauguzi wote au wachache?

Figo zikifeli, damu husafishwa kwa dayalisisi, ya mashine au ya tumbo. Mashine ya kusafisha damu inataka umeme wa uhakika na maji yaliyochujwa kwa mtambo wake maalumu. Dayalisisi ya tumbo haidai hayo. Maji yenye sukari na chumvi huingizwa tumboni kwa mrija laini, hukaa humo huku utando wa tumbo ukichuja taka za damu, kisha humwagwa na kuingizwa mengine. Hospitali ya KCMC ya Moshi, Tanzania, ilianza kuitumia mwaka 2009 kwa wagonjwa waliofeli figo ghafla, na wengi wa hao wa mwanzo walitoka hospitali wakiwa hai.

Kwa mtu mzima kila mzunguko unaweza kufika lita mbili. Figo zikiwa zimefeli ghafla, mizunguko hufuatana hata kila saa moja au mbili, usiku kucha. Daktari akishaweka mrija, anayebaki na mgonjwa ni nesi.

Ndiyo maana wanaotaka wodi nzima ifundishwe wana hoja nzito. Wataalamu wakiwa wawili, mmoja yuko likizo na mwenzake ametoka zamu, saa nane za usiku mgonjwa anamtegemea nani? Na uhamisho nao haubishi hodi: nesi aliyesomea figo anajikuta wodi ya wazazi, na ujuzi wake unalala.

Wanaopinga nao hawakosei. Mkono husahau, na kuna hospitali ambazo miezi hupita bila mgonjwa wa aina hii. Kubadilisha mfuko wa maji hayo kunaonekana kazi nyepesi: barakoa usoni, feni izimwe, dirisha lifungwe, mikono ioshwe vizuri. Lakini kidole kikigusa ncha ya mrija mara moja tu, vijidudu vimepata njia. Maji yakitoka na ukungu, yahesabiwe kuwa maambukizi hadi maabara iseme vingine, na dawa zisichelewe. Na je, zikiingia lita mbili ikatoka moja na nusu? Nesi mgeni atasubiri asubuhi. Mzoefu ataangalia kwanza kama mrija umekunjika, kisha atamuuliza mgonjwa amepata choo lini, kwa sababu utumbo uliojaa huusukuma mrija ukakaa vibaya. Semina ya siku mbili yenye posho na cheti (tunazijua) haimpi mtu jicho hilo.

Kwa maoni yangu, ubishi huu umechanganya kazi mbili. Kubadilisha mfuko, kuandika kilichoingia na kilichotoka, kutambua ukungu: hayo kila nesi wa wodi ayajue, apimwe kitandani kwa mgonjwa, na arudiwe kupimwa. Kushughulika na mrija ulioziba, kufuatilia maambukizi, kumfunza mgonjwa wa figo sugu ajihudumie nyumbani, hiyo ni kazi ya wachache, nao wasihamishwe ovyo. Kenya ina stashahada ya juu ya uuguzi wa figo pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Watu wa namna hiyo ndio wa kuwasimamia wenzao wodini, badala ya kuzunguka wakitoa mihadhara.

Kuna kikwazo ambacho mafunzo hayakigusi: maji yenyewe. Ya viwandani huagizwa nje na bei yake inauma. Miongozo ya kimataifa inaruhusu, kwa figo zilizofeli ghafla, hospitali kuchanganya yake kwa dripu ya Ringer (maji ya chumvi) na dextrose (sukari) pale yale ya viwandani yanapokosekana. Inasaidia, ila kila kuchanganya ni nafasi nyingine ya vijidudu, na mzigo unamrudia nesi yuleyule. Thailand ilipoifanya dayalisisi ya tumbo kuwa chaguo la kwanza katika bima yake ya taifa mwaka 2008, mpango huo ulibeba pia kazi ya kuyafikisha maji hadi majumbani kwa wagonjwa. Hospitali ambayo haijajua maji yake yatatoka wapi, mafunzo ningeyaahirisha: mfuko wa kwanza ukifika baada ya mwaka, itabidi nesi aanze upya.