Siku nilipokemewa kwa ajili ya 142,857

Kosa langu ni kukubali kushika daftari.

Tulichanga watatu, tukanunua viazi Isyonje, tukavishusha soko la Mwanjelwa, Mbeya. Hisa zilikuwa 7: Mzee 4, shangazi 2, na mimi 1, kulingana na wepesi wa mfuko wangu. Tulipomaliza kulipa gari na wabebaji, ikabaki faida ya milioni moja kamili. Ingebaki laki saba, saa hizi nisingekuwa na cha kusimulia.

Nikagawa kwa saba. Mimi 142,857. Shangazi 285,714. Mzee 571,428.

Mzee akaomba daftari. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Kijana, mbona tarakimu zangu ndizo za shangazi yako, na ndizo zako? Umezichanga kama karata?"

Mwenye akili angenyamaza. Mimi hesabu ikinipanda, ndiyo basi tena. Nikaokota mkaa, nikachana boksi, nikaandika: mara tatu, 428,571. Mara tano, 714,285. Mara sita, 857,142. Zile zile sita, kwa mpangilio ule ule!

"Ukigawa 1 kwa 7," nikaeleza huku natoa jasho, "mabaki ni 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1, unarudi ulikoanzia. Ukigawa 2 au 4 unaingia mzunguko huo huo. Ni daladala moja, Mzee, wewe umepandia kituo kingine tu."

"Na konda ni wewe," akasema shangazi.

Ili kumaliza ubishi nikaandika kwa herufi kubwa jibu la mara saba: 999,999. Nilisahau kwamba Mzee amekaa upande wa pili wa boksi.

"Mia sita sitini na sita!" akaruka. "Tena mara mbili!"

Mama wa maparachichi, meza ya jirani, akaanza kukemea. Wabebaji wakasogea. Mmoja akashauri nipelekwe kwa mchungaji, na daftari langu lisiachwe nyuma.

Nikaligeuza boksi haraka. Shangazi akaona ni tisa tupu, akashusha pumzi, halafu akakunja uso.

"Sasa hii si milioni. Shilingi moja umeipeleka wapi?"

Jamani, hiyo sarafu ya shilingi moja mara ya mwisho niliishika lini?

Jua lilipozama, baridi ikaanza kutuamulia. Tukakubaliana namba "zisizozunguka": Mzee 572,000, shangazi 286,000, mimi 142,000. Tukapeana mikono, mama wa maparachichi akashuhudia.

Usiku, nikiwa kitandani, ndipo nikashtuka kwamba nimepigwa shilingi 857, yaani kipande kizima cha mwisho cha ile namba. Na ukijumlisha 857 na 142 unapata 999! Nikakurupuka nimpigie Mzee nimweleze.

Mke wangu akaninyang'anya simu.