Historia ya kemia na fedha za wanakemia

Katika Mtaa wa Chestnut, Philadelphia, ndani ya jengo lililokuwa benki, ipo Science History Institute. Mwanahistoria Arnold Thackray aliianzisha mwaka 1982 ikiwa kituo kidogo cha historia ya kemia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwa ushirikiano na chama cha wanakemia wa Marekani. Leo ina maktaba kubwa, hufadhili watafiti, na makumbusho yake hayatozi kiingilio.

Mkono mtupu haulambwi. Sehemu kubwa ya utajiri wa taasisi hii imetoka kwa watu wa kemia yenyewe: Arnold Beckman, mtengenezaji wa vifaa vya maabara, na Donald Othmer, mhandisi wa kemia, ambaye maktaba ina jina lake. Ndipo wakosoaji wanapouliza: anayeandikwa akiwa ndiye mfadhili, nani atathubutu kuandika habari za mito iliyochafuliwa na vibarua waliougua?

Hofu hiyo ina msingi, ila isitufanye tudharau kilichookolewa. Kampuni zikiungana au zikifa, nyaraka zao hutupwa, na wazee waliojua kazi huondoka nayo. Mchukue Beckman. Mwaka 1934 mwenzake wa zamani wa chuo, aliyekuwa akifanya kazi kwa wakulima wa machungwa na malimau California, alishindwa kupima ukali wa juisi ya limau kwa sababu dawa ya kuihifadhi iliharibu vipimo vya kawaida. Beckman akamtengenezea kipimo cha umeme kilichoingia ndani ya kisanduku kimoja. Kipimo cha pH, yaani kiwango cha ukali wa asidi, kilichoenea maabara nyingi duniani kilitokana na shida hiyo ya malimau. Habari kama hizi huzipati kwenye hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi. Hupatikana kwa kumkalisha mhusika chini na kumhoji akiwa hai, na taasisi hii imefanya hivyo kwa mamia ya wanasayansi.

Tatizo ni nani anayehojiwa. Kwa muda mrefu kiti hicho kimekaliwa zaidi na maprofesa, wavumbuzi na wakurugenzi. Ndiyo maana mimi nauthamini sana mradi wa Ambler, mji mdogo karibu na Philadelphia ulioishi kwa kiwanda cha asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Taasisi iliungana na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kukusanya simulizi za wakazi. Milundo ya taka za asbesto waliiita Milima Myeupe, na watoto waliichezea. Hapo historia ya kemia ikasimuliwa na waliovuta vumbi lake.

Watetezi wa taasisi wanautaja mradi huo kama ushahidi wa uhuru wake. Mimi nakubali nusu tu. Mradi wa Ambler uligharimiwa na fedha za umma za utafiti wa afya, na fedha za mradi zina mwisho. Uhuru wa kweli ungeonekana pale ambapo simulizi za vibarua na majirani wa viwanda zingetengewa fungu la kudumu kutoka katika urithi uleule wa akina Othmer na Beckman.